Nani alifunga bao? Msimu wa ligi ya wanawake na sarufi ya Kiswahili

Tuanze na sentensi moja: "Nahodha alipokea pasi, akampiga chenga beki, akafunga bao dakika ya 80." Je, nahodha huyu ni mwanamke au mwanamume? Na beki aliyepigwa chenga? Sentensi haisemi, wala msomaji wa Kiswahili hasikii pengo lolote. Kiambishi a- kinatuambia kwamba mtendaji ni mmoja na kwamba yumo katika ngeli ya A-/WA-, basi. Ngeli hiyo inawabeba watu na wanyama wote, wa kike na wa kiume, bila kuwatenganisha. Kilingala kinafanya vivyo hivyo: tukisema "abeti ndembo", tumesema kwamba mtu fulani amepiga mpira, na jinsia yake haimo katika kitenzi.

Ukijaribu kuitafsiri sentensi hiyo kwa Kifaransa, lugha tunayofundishiwa, shida inaanza mara moja. Katika sentensi ya pili tu utalazimika kuchagua "il" au "elle". Mfungaji atakuwa "buteur" au "buteuse", kipa atakuwa "gardien" au "gardienne", na kocha atakuwa "entraîneur" au "entraîneuse". Kifaransa hakikuruhusu kusimulia mechi bila kutaja jinsia. Kiswahili kinakuruhusu kusimulia msimu mzima.

Hata hivyo, mtu akisikiliza habari za ligi ya wanawake kwa Kiswahili, anajua tangu neno la kwanza kwamba wanaocheza ni wanawake. Habari hiyo inaingia wapi, ikiwa sarufi imenyamaza? Hilo ndilo swali la makala hii. Nitaifuata Ligi Kuu ya Wanawake ya Tanzania, kwa kuwa katika eneo letu lote hiyo ndiyo ligi inayosimuliwa kwa Kiswahili kuanzia mechi ya kwanza hadi kombe, kisha nitarudi kwetu Kongo. Hoja yangu ni hii: sarufi ya Kiswahili haiwabagui wachezaji wanawake. Wanaotengwa hutengwa na majina, na sifa, na mambo yasiyosemwa kabisa.

Ligi yenyewe

Ligi ya taifa ya wanaume ya Tanzania ilianza mwaka 1965. Ya wanawake ilianza katika msimu wa 2016/17, yaani zaidi ya nusu karne baadaye, chini ya shirikisho la soka la nchi hiyo, TFF. Bingwa wa kwanza alikuwa Mlandizi Queens, timu ya mkoa wa Pwani. JKT Queens, timu ya Jeshi la Kujenga Taifa, ikachukua misimu miwili iliyofuata. Kisha Simba Queens ikatwaa ubingwa mara tatu mfululizo, 2020, 2021 na 2022. Tangu hapo timu hizo mbili zimekuwa zikipokezana: JKT mwaka 2023, Simba mwaka 2024, JKT tena mwaka 2025.

Msimu wa 2021/22 unafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu haukuishia nyumbani. Shirikisho la Afrika, CAF, lilikuwa limeanzisha Ligi ya Mabingwa ya wanawake mwaka 2021 mjini Cairo, ambako Vihiga Queens ya Kenya iliiwakilisha Afrika Mashariki. Mwaka uliofuata mashindano ya kufuzu ya ukanda wa CECAFA yalifanyika Dar es Salaam, na mwezi wa nane Simba Queens ikaifunga She Corporate ya Uganda 1-0 katika fainali. Ikaenda Morocco. Huko ilifungwa na wenyeji AS FAR 1-0, ikazifunga Determine Girls ya Liberia na Green Buffaloes ya Zambia 2-0 kila moja, ikaingia nusu fainali. Hapo ikafungwa 1-0 na Mamelodi Sundowns ya Afrika Kusini, na katika mechi ya kutafuta mshindi wa tatu ikafungwa 1-0 na Bayelsa Queens ya Nigeria. Mechi tano, mabao manne ya kufunga, matatu ya kufungwa, nafasi ya nne Afrika. Katika mashindano hayo hayo ilikuwepo pia TP Mazembe ya Lubumbashi, iliyotolewa katika hatua ya makundi. Tutaikuta tena hapa chini.

Msamiati wa msimu

Msimu wa ligi ni mfumo wa maneno kabla ya kuwa mfumo wa pointi. Tazama kitenzi "funga" kilivyofanya kazi katika aya iliyotangulia. Maana yake ya awali ni kuziba au kukaza kwa kamba: tunafunga mlango, tunafunga mzigo. Kandanda ilikichukua, na mnyumbuliko ukafanya mengine. Mchezaji "anafunga" bao, timu "inaifunga" timu nyingine, iliyoshindwa "imefungwa", zikilingana "zimefungana". Anayefunga ni "mfungaji", na anayeongoza orodha mwishoni mwa msimu ni "mfungaji bora". Mzizi mmoja unasimulia mchezo mzima, na hakuna tawi lolote la mzizi huo linalouliza jinsia. Kwetu Kisangani tumeazima "but" ya Kifaransa, kwa hiyo hatuchumi matunda yote ya mti huu, lakini tunayaelewa tukiyasikia redioni.

Angalia pia jinsi lugha inavyopambanua matokeo. Mechi iliyoisha 1-1 ni "sare". Iliyoisha 0-0 wengi huiita "suluhu", neno la Kiarabu lenye maana ya mapatano, kama vile timu hizo zilikaa chini zikasameheana. Jedwali la pointi ni "msimamo". Timu ya mwisho "inashuka daraja", na iliyofanya vizuri chini "inapanda daraja", ambapo "daraja" ni ngazi ya cheo, siyo lile la kuvukia mto.

Maneno mawili yanastahili kuwekwa kando, kwa kuwa tutayahitaji: "nyumbani" na "ugenini". Kila timu hucheza nusu ya msimu katika uwanja wake na nusu katika uwanja wa wengine. "Nyumbani" ni nyumba pamoja na kiambishi cha mahali -ni. "Ugenini" ni zaidi ya mahali. Ndani yake mna "mgeni", mna u- ya hali ya kuwa mgeni, kisha -ni. Timu inayocheza ugenini imeingia katika hali ya kuwa mgeni: kulala mahali pasipo pake, kula chakula cha wengine, kutazamwa. Ligi ni makubaliano kwamba kila mmoja atakuwa mwenyeji na kila mmoja atakuwa mgeni.

Imeshinda au wameshinda?

Jina la timu linaleta swali la upatanisho. Je, tuseme "Simba Queens imeshinda" au "Simba Queens wameshinda"? Yote mawili yanasikika. Katika la kwanza tunapatanisha na neno lililofichika, "timu", lililo katika ngeli ya I-/ZI-. Katika la pili tunapatanisha na watu wenyewe, ngeli ya A-/WA-. Habari za magazeti huelekea kwenye "imeshinda", kwa kuwa zinazungumzia klabu kama chombo. Mtangazaji anayeona wachezaji wakikimbia mbele yake huteleza kwenda "wameshinda", "wanashambulia", "wamechoka".

Kinachotuhusu ni kwamba mwenendo huu ni ule ule kwa Simba ya wanaume. "Simba imeshinda", "Simba wameshinda". Neno "Queens" ni la wingi huko lilikotoka, na ni la kike, lakini likishaingia katika sentensi ya Kiswahili halivuti kiambishi chochote cha pekee. Sarufi inalimeza. Hakuna sheria hata moja ya upatanisho ambayo mwanafunzi wa Kiswahili atapaswa kujifunza upya ili kusimulia mechi ya wanawake.

Queens, Princess, Girls, Ladies

Ikiwa sarufi imefunga mlango, jinsia inapita dirishani, na dirisha ni jina. Orodhesha timu ambazo zimewahi kucheza katika ligi ya wanawake ya Tanzania: Simba Queens, JKT Queens, Mlandizi Queens, Ruvuma Queens, Yanga Princess, Fountain Gate Princess, Alliance Girls. Vuka mpaka kwenda Uganda: Kampala Queens, Kawempe Muslim Ladies, Lady Doves, She Corporate. Nenda Kenya: Vihiga Queens, Thika Queens, Ulinzi Starlets.

Mambo matatu yanaonekana hapa. Kwanza, alama ya jinsia karibu kila mara ni ya Kiingereza. Hatuna "Malkia wa Simba" katika msimamo wa ligi, ingawa "malkia" ni neno zuri lililo tayari. Kiswahili kilipokosa mofimu ya jinsia, majina yaliazima neno zima kutoka nje.

Pili, alama hizo si za uzito mmoja. "Queens" ni cheo cha mtu mzima mwenye mamlaka. "Princess" ni binti wa mwenye mamlaka. "Girls" ni watoto. Kwenye timu za taifa za Tanzania chini ya miaka 17, Serengeti Girls ina jozi yake kamili, Serengeti Boys, kwa hiyo pale usawa upo: wote ni vijana. Na Serengeti Girls ilikwenda Kombe la Dunia la umri huo nchini India mwaka 2022, ikaifunga Ufaransa 2-1 na kufika robo fainali. Lakini klabu ya watu wazima ikiitwa "Girls", jozi yake ya kiume haiitwi "Boys". Kenya, timu ya taifa ya wanaume ni Harambee Stars na ya wanawake ni Harambee Starlets, ambapo kipande cha mwisho ni cha udogo. Sisi tuliosoma ngeli ya KI-/VI- tunajua kiambishi cha udogo kinaweza kubembeleza na kinaweza kudharau.

Tatu, alama si lazima. Timu ya taifa ya wanawake ya Tanzania inaitwa Twiga Stars, na ya wanaume Taifa Stars. Hakuna anayewachanganya, na twiga si mdogo wala si binti wa mtu. Kenya Police Bullets, iliyofika fainali ya kufuzu ya CECAFA mwaka 2024, haibebi alama yoyote ya jinsia katika jina lake. Majina haya mawili yanathibitisha kwamba kupambanua ni jambo moja na kupunguza ni jambo jingine.

Kisicho na alama

Wanaisimu wa Prague, akina Trubetzkoy na Jakobson, walitufundisha katika miaka ya 1930 kutofautisha umbo lenye alama na lisilo na alama. Lisilo na alama ndilo la kawaida, linaloweza kusimama kwa niaba ya jozi nzima. Katika "Ligi Kuu" na "Ligi Kuu ya Wanawake", la kwanza halina alama. Mtu akisema "Ligi Kuu" peke yake, tunafahamu ni ya wanaume.

Matokeo yake si ya adabu tu. Yanagusa ukweli wa sentensi. Uliza: "Nani alikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 2022?" Mashabiki watajibu bila kusita: Yanga. Jibu ni sahihi kwa wanaume. Lakini mwaka huo huo bingwa mwingine wa taifa alikuwa Simba Queens. Sentensi "Simba ilikuwa bingwa wa Tanzania mwaka 2022" itapingwa na kila shabiki, ingawa kuna uwanja ambako ni kweli tupu. Umbo lisilo na alama limejitwalia nchi nzima, na lenye alama limebaki na kipande.

Wapo watakaosema kwamba hivi ndivyo dunia ilivyo, kwani aliyetangulia ndiye huchukua jina. Kombe la Dunia la wanaume lilianza mwaka 1930 huko Uruguay, la wanawake mwaka 1991 huko China. Hoja hii ina nguvu, lakini inasahau kwamba aliyechelewa wakati mwingine alizuiwa. Uingereza, siku baada ya Krismasi ya 1920, watu wapatao 53,000 walijaa uwanja wa Goodison Park mjini Liverpool kuangalia wanawake wakicheza. Mwaka uliofuata chama cha soka cha nchi hiyo kikawapiga wanawake marufuku kucheza katika viwanja vya vilabu vyake, na marufuku hiyo ilidumu karibu miaka 50.

Tena si kweli kwamba umbo lisilo na alama ni la kiume kwa asili. Kiswahili chenyewe kinakanusha. "Kuku" ni jina la wote, na dume ndiye anayepewa jina lake la pekee, "jogoo". Katika michezo, "mpira wa pete" hauongezewi "wa wanawake", kwa sababu umezoeleka kuwa wao ndio wanaoucheza. Mwanamume akiingia, yeye ndiye atakayehitaji alama. Kwetu Kongo tunao nzango, ule mchezo wa kuruka, kupiga makofi na kutupa mguu mbele. Hakuna anayesema "nzango ya wanawake". Basi alama hufuata mazoea ya wasemaji, na mazoea hubadilika.

Sifa zinazouma

Dirisha la pili ni sifa. Mchezaji akipambana hadi mwisho, Kiswahili kina msemo wa haraka: amejikaza "kiume". Kwa wasemaji wengi "kiume" ina maana mbili: kwa namna ya wanaume, na kwa ushujaa. "Kike" haina hiyo maana ya pili. Kwa hiyo mtangazaji akitaka kumsifu beki wa kike kwa kusema amecheza kiume, sifa inampa ushujaa kwa kumtoa katika jinsia yake. Neno "jikedume" linakwenda mbali zaidi. Linatungwa kwa majina mawili ya wanyama, na linamtupia msichana mwenye nguvu swali ambalo hakuna anayemwuliza kaka yake. Kifaransa cha mitaa yetu kina "garçon manqué", mvulana aliyekosewa kutengenezwa. Msichana anayecheza mpira huyajua maneno haya kabla ya kuijua sheria ya kuotea.

Upande wa pili kuna sifa za kubembeleza: "warembo", "mabinti", "kina dada". "Kina dada" ina heshima ya undugu, na katika midomo mingi ni neno la upendo. "Warembo" inasifu kitu ambacho hakihesabiwi kwenye msimamo wa ligi. "Mabinti" inaweza kumwelea mchezaji wa miaka 16, lakini nahodha wa miaka 30 mwenye watoto wawili si binti wa mtangazaji.

Ajabu ni kwamba hazina ya maneno yasiyouma imejaa: hodari, shupavu, mahiri, jasiri, mwenye mbio, mwenye pumzi. Kiswahili kilishatatua hata pale Kiingereza kilipokwama kwa kumwita mchezaji aliyeng'ara "mwanamume wa mechi". Sisi tunasema "mchezaji bora wa mechi". Na waamuzi vilevile. Januari 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika la wanaume, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na mwishoni mwa mwaka huo akawa miongoni mwa waamuzi watatu wa kati wanawake walioitwa Kombe la Dunia huko Qatar. Kwa Kiswahili alikuwa "mwamuzi", kama yeyote aliyewahi kushika filimbi.

Lubumbashi, Kisangani, Isangi

Tarehe 23 Novemba 2024, mjini El Jadida nchini Morocco, TP Mazembe iliifunga AS FAR 1-0 na kuwa bingwa wa Afrika kwa klabu za wanawake. Bao pekee lilifungwa na Marlène Kasaj. Kocha, Lamia Boumehdi wa Morocco, alichaguliwa na CAF kuwa kocha bora wa mwaka kwa soka ya wanawake. Miaka miwili tu tangu kutolewa katika makundi, timu ya jiji linaloongea Kiswahili sokoni, kanisani na uwanjani ilikuwa juu ya bara zima.

Ushindi huo ulisimuliwa rasmi kwa Kifaransa, kwa hiyo kwa "dames" na "féminin", maneno mawili yanayofanya kazi ya "Queens". Timu ya taifa nayo ni Léopards, na ya wanawake ni Léopards "dames", ile iliyoshika nafasi ya tatu Afrika mwaka 1998 na iliyorudi kwenye fainali za bara huko Morocco mwaka 2025. Lakini nyumbani watu hawakuzungumza Kifaransa hicho. Kiswahili cha Kongo kinasema "mupira ya banamuke", Kilingala "ndembo ya basi". Hapo alama ipo, lakini ni ya nomino ya kawaida, "wanawake", isiyo ya kifalme wala ya kitoto. Katika orodha yote niliyoipitia, hiyo ndiyo alama nyoofu kuliko zote, na iko mikononi mwa watu wasiosoma isimu.

Kwa upande mwingine, "ugenini" kwetu lina uzito ambao jedwali la pointi halionyeshi. Mimi ni mtu wa Isangi, pale Lomami inapoingia mto Kongo. Kutoka hapo hadi Kisangani ni zaidi ya kilomita 100 za kupanda mto, kwa mtumbwi wa mota au kwa zile boti za mbao tunazoziita baleinière. Timu ya wavulana ikialikwa kucheza Kisangani, watu huuliza nauli. Timu ya wasichana ikialikwa, huulizwa jambo jingine kwanza. Mdogo wangu wa kike alikuwa beki wa kushoto katika timu ya shule. Baba mdogo aliposikia habari ya safari aliuliza swali moja tu, tena kwa upole: "Atalala kwa nani?" Hakukuwa na jibu lililotayarishwa, na timu ikaenda na beki mwingine.

Swali lile lilikuwa la haki. Linaonyesha kwamba ligi, ambayo kwa maana ya neno lenyewe inamtaka kila mchezaji awe mgeni nusu ya mwaka, inahitaji kwanza nyumba ya kumpokea mgeni huyo: mlezi wa kike anayesafiri na timu, mahali pa kulala panapojulikana kwa jina, simu itakayopokewa usiku. Mvulana anaazimwa imani hiyo bila kuombwa. Msichana hutakiwa kuileta mwenyewe. Na Kiswahili, kinachosema "mama wa nyumbani" bila kuwa na jozi yake ya "baba wa nyumbani" katika mazungumzo ya kila siku, kimeshamweka mwanamke upande mmoja wa msimamo kabla ya mechi kupigwa.

Kisichosemwa

Dirisha la tatu ni ukimya, na hili ndilo kubwa kuliko yote. Ligi ya Tanzania imekua pamoja na wanaoisimulia. Mechi ina matokeo, matokeo yana wafungaji, wafungaji wana majina, na majina yakijumlishwa msimu mzima tunapata mfungaji bora, kisha mchezaji anayeonekana na kusajiliwa mbali. Aisha Masaka alitoka Yanga Princess akaenda BK Häcken ya Sweden, na baadaye Brighton ya Uingereza. Kabla ya safari kama hiyo ni lazima mtu fulani awe ameandika: fulani alifunga, dakika fulani, dhidi ya fulani.

Katika mechi nyingi za wasichana kwenye miji yetu ya mtoni, kinachobaki jioni ni matokeo tu. "Tuliwapiga mbili." Nani alifunga? Watu walioangalia wanajua, kwa wiki moja. Kisha sarufi yetu isiyobagua inabaki na kiambishi bila mwenyewe: a-lifunga. Yule a- ni nani?

Hapa ndipo kazi yetu kama wanafunzi wa lugha inapoanza, na haihitaji bajeti ya shirikisho. Baadhi yetu tunasaidia katika redio za Kisangani, wengine tunaandika jarida hili, wengine watakuwa walimu wa sekondari kule Yangambi, Opala au Basoko na watapewa timu ya shule wapende wasipende. Tukisimulia mechi ya wanawake, tuanze na jina la mchezaji, kisha kitenzi. Tuseme "mchezaji", "kipa", "nahodha", maneno ambayo tayari ni yao. Tukizitaja ligi mbili katika habari moja, zote mbili tuzipe alama: ya wanaume, ya wanawake. Tuwaachie washairi "warembo". Na yule atakayetafuta mada ya tasnifu, akae na kinasa sauti pembeni mwa uwanja mmoja wa Tshopo kwa msimu mmoja: atapata istilahi za Kiswahili, Kilingala na Kilokele zikipokezana katika sentensi moja, ambazo hakuna kamusi iliyozikusanya.

Mdogo wangu bado anacheza. Jumamosi iliyopita, katika mechi ya shule mbili za Isangi, alifunga bao la kichwa kutokana na kona, dakika za mwisho, 1-0. Tangu siku hiyo nina daftari la kuandikia wafungaji. Ukurasa wa kwanza una majina manne, na ninatafuta mtu wa Yangambi atakayenitumia ya upande wao.